Chumba Mwisho wa Reli

Siku injini ilipopita tena nyuma ya nyumba ya Bendera, vikombe viliruka kwenye rafu, na Bibi akaomba apewe fimbo ampige aliyemtikisia kitanda. Alidhani ni wajukuu. Mkwewe, aliyezoeleka kwa jina la Mama Wawili kwa sababu ya mabinti zake wawili, aliingia chumbani mbio akamkuta ameinuka kwa kiwiko, macho yamemtoka, kiganja amekibandika kwenye ukuta wa mbao ambao ulikuwa bado unatetemeka.

"Ni treni, mama."

"Treni gani? Ya hapa ilikufa nikiwa bado na meno."

"Imefufuka."

"Basi kaiambieni ikafufukie kwingine. Hapa kuna mgonjwa."

Mama Wawili alicheka. Miguu ya Bibi ilikuwa imemkatalia kazi zamani, lakini mdomo wake haukuwa na breki, na ukiishi na mtu wa namna hiyo usipocheka siku haiendi. Kicheko hakikufika mbali. Alichungulia kwenye mwanya wa ubao akaiona pua nyeusi ya injini imesimama pale nje, inapumua mvuke, karibu kiasi kwamba angeweza kuimwagia maji ya kuoshea vyombo. Kati ya pua hiyo na kitanda cha Bibi kulikuwa na kizuizi cha magogo na ukuta wa ubao mwembamba, basi.

Reli yenyewe ilikuwa ya makumbusho. Haikubeba mahindi wala saruji. Ilibeba wageni na kamera zao kila Jumamosi, kutoka stesheni ya chini kupanda mpaka ya juu, kisha kurudi. Chini, penye karakana ya zamani, kulikuwa na sahani kubwa ya chuma iliyolazwa ndani ya shimo la duara. Injini ilipanda juu ya sahani, wanaume wakaisukuma kwa mikono, nayo ikazunguka taratibu mpaka uso wake ukatazama njia. Juu hakukuwa na sahani. Kwa hiyo kwa miaka mingi injini ilipanda mlima kwa heshima zake zote na kushuka kinyumenyume, kama mtu anayetoka kwa mkubwa wake akiogopa kumpa mgongo. Wageni walinung'unika. Picha za kurudi zilikuwa mbaya.

Ndipo Meneja mpya, kijana mchangamfu aliyependa treni kuliko chakula, akaikumbuka pembetatu. Ilikuwa huko juu tangu enzi na enzi, imemezwa na nyasi: reli tatu zilizokutana na kufanya pembe. Treni inaingia kwa mkono mmoja wa pembetatu mpaka kwenye mkia wake, mtu anageuza njia, halafu treni inarudi kinyumenyume kwa mkono wa pili, na ikitoka huko uso umeelekea nyumbani. Ndivyo dereva wa gari anavyogeuza kwenye kichochoro: anaingiza pua, anarudi nyuma, anaondoka zake. Kinachotakiwa ni kichochoro kiwe kirefu cha kutosha, yaani mkia ubebe treni nzima.

Na mkia haukuwa mrefu wa kutosha, kwa sababu mwisho wake alikuwa amelala Bibi.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Bendera alikuwa kibarua wa kufyeka nyasi na kulinda stesheni ya juu, akapewa nyumba ya sebule na chumba kimoja. Bibi alipoletwa hajiwezi, Mama Wawili ndiye aliyesema hawezi kulala chumba kimoja na mama mkwe, tena na watoto, watu wazima wakigeuka kitandani kwa zamu. Upande mmoja wa nyumba kulikuwa na korongo, upande mwingine mwamba. Ardhi pekee iliyonyooka ilikuwa mkia wa reli iliyokufa. Bendera akafungua reli za mwisho, akaburuta kile kizuizi cha magogo kinachozuia treni isipitilize, akakifunga upya karibu zaidi, na nyuma yake akajenga chumba. Hata sakafu hakuhangaika nayo; mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli, yalitosha. Nani angekuja kupima mkia wa reli isiyopita kitu?

*

Jioni hiyo watoto walipokwenda kuteka maji, Mama Wawili alimkabili mumewe jikoni.

"Umeona ilipofika?"

"Nimeona."

"Basi?"

"Basi nini? Si imesimama?"

"Leo ilikuwa peke yake. Wakifunga mabehewa je?"

"Mawili yanaingia. Nimepima kwa kamba. Yanaingia, na nafasi ya mtu kupita inabaki."

"Nafasi ya mtu kupita! Baba watoto, mama yako amelala pale."

Bendera aliweka chini kikombe. Meneja alikuwa amemfanya mshika njia, wa kugeuza wenzo unaobadili njia na kupunga bendera, kazi ya kuajiriwa kabisa, si kibarua tena. Jina la Bendera alikuwa amelipata wiki hiyohiyo, maana hata chooni alikwenda na bendera mfukoni, na hakukasirika walipomtania. Nyumba ilikuwa yake maadamu kazi ilikuwa yake. Hayo alikuwa amemwambia mkewe mara nyingi mpaka yakawa wimbo.

"Unataka nifanyeje?" aliuliza. "Niende nimwambie, mkubwa, reli yako niliing'oa nikajenga? Ataningoja nimalize kusema?"

"Mwambie tu. Ni kijana mwelewa."

"Mwelewa kwa treni. Watu hajafundishwa." Kisha akasema lile ambalo Mama Wawili alikuwa akiliogopa. "Halafu chumba hiki ni nani alikitaka?"

Lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Alirudi kwenye sufuria akakoroga kitu kilichokuwa kimeshaiva.

"Nawasikia," sauti ya Bibi ikapenya ukutani. "Ukuta wenyewe mmejenga kwa mbao za masanduku, halafu mnanong'ona!"

*

Wakapata njia yao ya kuishi na jambo hilo, kama watu wanavyopata. Kila Jumamosi, kabla filimbi haijasikika bondeni, Mama Wawili alichuchumaa kando ya kitanda, Bibi akamkumbatia shingoni, na mkwe akambeba mgongoni mpaka nje, akamkalisha kivulini kando ya mlango. Treni ikaingia na mabehewa mawili, ikasimama mbele ya kizuizi, ikarudi nyuma, ikaondoka. Hapo Bibi alibebwa tena kurudi kitandani.

"Nahamishwahamishwa kama kuku anayetaga," alisema Bibi. Lakini alimshika mkwewe kwa nguvu, na siku moja njiani alimwambia sikioni, "Mgongo wako umekonda. Unakula kweli wewe?" Mama Wawili hakukumbuka mama mkwe kumwuliza jambo kama hilo tangu aolewe.

Wageni waliwapiga picha. Mwanzoni Mama Wawili aliinamisha uso, baadaye akazoea. Aliyeshindwa kuzoea ni Meneja. Alikuja Jumatatu moja amevaa viatu vyake visafi, akazunguka nyumba akitabasamu, akanyoosha kidole kwenye kamba ya nguo.

"Mama, hizi fulana Jumamosi tuziondoe, sawa? Wageni wanakuja kuona enzi zile."

"Enzi zile hawakufua?" Bibi aliuliza kutoka ndani.

Meneja alicheka, akashusha sauti. "Na bibi naye. Naomba akae ndani. Nampenda sana, usinielewe vibaya, ila wageni wengine wanahuzunika. Mtu amepanda treni apumzike, anateremka anaona mgonjwa mlangoni."

"Sawa, bosi," alisema Bendera haraka.

Mama Wawili alihisi uso unapata moto. Alitaka kumwuliza kama yeye hana bibi. Badala yake alizikusanya zile fulana, mbichi vilevile, akaziingiza ndani. Tangu hapo kila Jumamosi alimhamishia Bibi sebuleni, akafunga madirisha, na Bibi akasikiliza treni gizani.

*

Mambo yaliharibika siku Meneja alipokaa kwenye kiti cha sebule, chai mkononi, macho yakizunguka ukutani kama fundi anayekadiria.

"Jumamosi tuna wageni wakubwa," alisema. "Wafadhili. Wakipenda tunachofanya, tutaitengeneza injini ya pili. Kwa hiyo mabehewa yatakuwa matatu." Akamgeukia Bendera. "Mkia unabeba matatu, sivyo?"

Mama Wawili alikuwa amesimama na sinia. Alimtazama mumewe, akamsihi kwa macho, akamsihi kwa moyo wake wote. Hapa ndipo pa kusema. Neno moja tu, liishe.

"Unabeba," alisema Bendera.

"Safi! Sasa jambo la pili." Meneja akasimama. Nusu ya wageni wangekuja mapema kwa magari ili waione treni ikigeuka, na alitaka wakute kitu cha kutazama wakati wanangoja. Sebule hii na chumba cha kulala vitapangwa kama nyumba ya mfanyakazi wa reli wa zamani: kitanda cha chuma, taa ya mafuta, birika la shaba. Na mama wa nyumba amevaa gauni la enzi zile, anamimina chai. "Huna haja ya kusema kitu, mama. Wewe kuwa tu."

"Na mama?" aliuliza Mama Wawili.

"Nani? Ah, bibi. Apumzike chumba cha nyuma. Tutaweka kabati mbele ya mlango na pazia juu yake, mtu asijue hata kama kuna mlango. Ni muda mfupi tu."

Alipoondoka, Mama Wawili aliweka sinia mezani kwa kishindo.

"Matatu hayaingii."

"Yanaingia. Nimeshapiga hesabu. Injini ikisogea mpaka inuse kizuizi, behewa la mwisho linapita njia panda, nageuza, inarudi. Dereva ni mtu mzima, ataingia kwa mwendo wa kunyata. Nitamsimamisha kwa bendera."

"Nitambeba mama mpaka kwa jirani."

"Kushuka mawe yale? Na Meneja amesema uwe hapa tangu asubuhi, umevaa. Nani atambeba? Mimi niko kwenye wenzo."

"Basi nitamwambia mwenyewe. Namfuata sasa hivi."

Alikuwa ameshika kitasa Bibi alipomwita. Hakuita kwa kelele zake za kila siku. Alisema, "Mkwe, njoo kidogo," na Mama Wawili akaenda.

Bibi alipapasa shuka pembeni yake, akimwashiria akae. "Ukimwambia, tutalala wapi?"

"Sijui, mama."

"Nami sijui. Ndiyo maana nakuuliza wewe mwenye akili." Alitazama dari. "Huyu mwanangu tangu azaliwe amekuwa mtu wa kutumwa. Nenda kule, rudi huku, shika fyekeo. Sasa ana kofia na watu wanangoja mkono wake ndipo treni iende. Asubuhi anakuja hapa kunionyesha alivyoivaa, ananiuliza imekaa sawa? Mzee mzima! Usimvue, mwanangu. Nitanyamaza humu ndani. Sitakohoa."

"Wewe, mama? Unyamaze?"

"Nitajaribu kwa mara ya kwanza."

Wakacheka wote wawili, Mama Wawili akifuta macho kwa pindo la nguo. Lakini hakumwachia Mungu jambo lote. Alijipangia hila yake: filimbi ikilia, atapenya nyuma ya kabati, aburute kitanda mpaka ukuta wa upande wa pili, mbali na kizuizi, arudi kumimina chai kabla mtu hajamkosa. Kitanda kile kilijengwa humohumo chumbani, kizito, lakini alishawahi kukiburuta akifagia.

*

Jumamosi ilifika na jua lake. Watoto walipelekwa kwa shangazi yao. Sebule haikutambulika, hata Mama Wawili aliingia kama mgeni, amebanwa na gauni lenye kola ya juu lililonuka dawa ya nondo. Wageni walijaa. Walishika birika, wakagusa kitanda, wakainama kunusa taa. Mmoja alimgusa na yeye begani, kuona kitambaa ni cha aina gani, akaendelea kuongea na mwenzake.

Nyuma ya kabati kulikuwa kimya. Kimya chenyewe kilimtia hofu. Nyumba ile haikuwahi kukaa bila sauti ya Bibi.

Filimbi ikalia bondeni. Mama Wawili aliweka birika chini, akaanza kujipenyeza kati ya mabega kuelekea kwenye pazia.

"Mama! Mama, hapo hapo!" Mgeni mmoja, mwanamke wa makamo mwenye kamera kubwa, alikuwa amepiga goti katikati ya sebule. "Jua limekupiga vizuri mno. Usisogee. Shika birika."

"Samahani, nina kazi kidogo."

"Sekunde tu. Tafadhali."

Watu wakageuka. Wakasogea pembeni kumpisha mwenye kamera, wakafanya duara, na Mama Wawili akajikuta katikati, macho ya watu wakubwa wote yakimtazama, njia ya kwenye kabati imezibwa. Msaidizi wa Meneja, mlangoni, alimpa ishara ya kidole gumba. Mama Wawili akashika birika. Alisikia mabehewa yakipita juu ya njia panda kule nje, gurudumu baada ya gurudumu, behewa la kwanza, la pili. Mwili wake wote ulitaka kukimbia.

"Tazama dirishani. Hivyo. Sasa tabasamu kidogo."

Akatabasamu.

Kishindo hakikuwa kikubwa. Sakafu ilisukumwa mara moja, vikombe vikagongana, taa ikayumba. Kisha mlio wa mbao nyuma ya kabati, mfupi, mkavu. Wageni walishtuka, wakaangua kicheko, na mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata. Walidhani ndivyo inavyokuwa siku zote. Wakamiminika nje kwenda kuitazama injini, na sebule ikabaki tupu.

Mama Wawili alisukuma kabati kwa bega. Mlango ulikuwa umekwama, akaupiga teke. Kizuizi kilikuwa kimeteleza juu ya mataruma, kikasukuma ukuta, ukuta ukasukuma kitanda, na kitanda kikamsukuma Bibi mpaka kikambana kwenye nguzo. Mguu ulikuwa umegeukia upande ambao mguu hauelekei. Bibi alikuwa macho. Alikuwa amejaza shuka mdomoni, ameliuma, na machozi yalikuwa yakiteremka kuingia masikioni.

"Mama! Mama yangu!"

Bibi alitoa shuka. "Wameondoka?"

"Wako nje. Ngoja niite watu."

"Usiite." Alivuta pumzi kwa vipande vipande. "Wanarudi kunywa chai. Nenda."

"Siendi."

"Nenda, nimekwambia. Nimevumilia yote haya, unataka niwe nimevumilia bure?"

Na Mama Wawili akaenda. Hilo ndilo ambalo hatajisamehe. Alikivuta kitanda kidogo kumpa nafasi, akarudisha kabati, akanyoosha kola, akamimina chai. Chai ikamwagika kwenye sahani, na mgeni mmoja akamwambia kwa upole asiwe na aibu, anafanya vizuri sana. Meneja aliingia akiwa na furaha ya mtoto. Treni ilikuwa imegeuka, imesimama inatazama nyumbani, na wafadhili walikuwa wamempa mkono.

"Tumekibusu kidogo kizuizi, dereva anasema haina neno," alimwambia. "Mama, kuanzia sasa mabehewa ni matatu kila Jumamosi!"

*

Treni na wageni walipokwisha kuondoka, walimteremsha Bibi kwa kiberenge, kile kigari cha mafundi, kikiteleza juu ya reli zilezile, Bendera ameshika breki, Mama Wawili amempakata Bibi.

"Gurudumu la mwisho lilikuwa bado juu ya njia panda," alisema Bendera bila kugeuka. "Meneja amesimama kando yangu, ananiambia bado, bado kidogo. Na watu wote wale wanatazama. Nikapunga isogee." Baadaye kidogo akasema, "Tukifika, alianguka kitandani. Tumeelewana?"

"Nilianguka," alisema Bibi, macho amefumba.

Zahanati ilikuwa na nesi mmoja, mwanamke mnene mwenye miwani, amechoka lakini hakuwa mtu wa kudanganywa. Alimfunua Bibi, akabonyeza nyonga kwa vidole viwili, akaangalia michubuko iliyopinda ubavuni.

"Imekuwaje?"

"Alianguka kitandani," alisema Bendera.

"Kitanda kina urefu wa mti?" Nesi alimgeukia Mama Wawili, akamtazama tangu kola ya gauni lile la ajabu hadi miguuni. "Wewe ndiye unayemtunza?"

"Ndiyo."

"Ni mama yako?"

"Mama mkwe."

"Aha." Neno hilo nesi alilisema polepole. "Nimefanya kazi hii miaka, dada. Kuanguka nakujua, na kupigwa nakujua. Bibi, sema usiogope. Nani kakufanya hivi?"

"Nilianguka, mwanangu."

"Anaogopa," nesi alisema, kama hawapo. Watu kwenye benchi walikuwa wamenyoosha shingo. Mmoja alisonya. Mama Wawili aliona jinsi wanavyomtazama, na aliona kwamba mumewe ametazama chini na hatasema kitu. Hata hilo angelimeza. Alikuwa amemeza mengi. Wamwite mchawi, wamwite muuaji, mradi warudi nyumbani.

Nesi akaendelea kufunga mguu kwenye ubao. "Mkubwa wa hospitali atakuja kumwona kesho. Ila nyonga ya mtu mzima namna hii haina miujiza. Mtamrudisha akalale chali kitandani mwake, hivyo alivyo. Asinyanyuliwe. Asihamishwe hata kwenda chumba cha pili, mifupa itaachana. Miezi. Mmenisikia?"

"Tumesikia," alisema Bendera.

Mama Wawili pia alisikia. Aliona kitanda, kizito, mwisho wa reli. Aliona Jumamosi ijayo, na inayofuata, mabehewa matatu, magogo yaliyolegea, na Bibi amelala chali, asiyeweza tena kubebwa mgongoni, shuka tayari mkononi. Alimtazama Bendera, naye Bendera akamtazama, na akajua kwamba mumewe ameona yaleyale, na kwamba bado atasema unabeba.

"Aligongwa na treni," alisema.

Nesi aliacha kufunga. "Nini?"

"Mama watoto," alisema Bendera.

"Aligongwa na treni ya makumbusho."

"Alikuwa anatembea relini? Bibi huyu?"

"Alikuwa kitandani."

"Dada, nakuuliza vizuri."

"Nami nakujibu vizuri. Alikuwa amelala kitandani mwake, treni ikamgonga. Kitanda kiko juu ya reli. Tulijenga juu ya reli, mimi na mume wangu, mimi ndiye niliyetaka. Na Jumamosi inakuja tena."

Kwenye benchi hakuna aliyecheka. Bendera alisimama, akaketi, akasimama tena. "Umetumaliza," alisema kwa sauti ndogo, bila hasira hata kidogo, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko angefoka. "Hatuna pa kwenda. Umetumaliza sote." Akatoka nje.

Nesi aliinama juu ya Bibi. "Ni kweli anayosema?"

Bibi alimtazama mkwewe. Mama Wawili alingoja Bibi akanushe. Midomo ya yule mzee ikafunguka, na kilichotoka hakikuwa neno. Kilikuwa kilio, kikali, cha sauti yote, kilichojaa zahanati na kutoka nje mpaka barabarani, kilio alichokuwa amekishikilia tangu wageni wakiwa sebuleni. Alilia akimwita mama yake aliyekufa zamani. Alilia akipiga kitanda kwa ngumi.

Nesi akakimbilia sindano. Mama Wawili alipiga magoti, akaushika ule mkono uliokuwa ukipiga, akaubana kifuani.

"Lia, mama," alimwambia. "Lia tu."